SOMO LA SHAMBA: JANI MOJA AU MAJANI MAWILI?
Mjue mmea wako kabla hujanunua dawa



Somo letu la leo ni la mimea. Tafadhali usiseme, "Ah, hayo ni ya watoto wa shule." Ni kweli watoto hulisoma darasani, huko wanaita monokotiledoni na daikotiledoni, halafu mtihani ukiisha maneno hayo yanabaki ndani ya daftari. Sisi tunataka kuyatoa daftarini tuyapeleke shambani. Sababu ni kwamba mtu asiyejua tofauti hii anaweza kupoteza chakula cha msimu mzima kwa asubuhi moja tu.

Hebu tuone jinsi inavyotokea.

MAMA NA DAWA YA MAGUGU

Tuseme kuna mama mmoja mwenye ekari moja. Mvua fupi zimenyesha vizuri, amepanda mahindi, na katikati ya mistari amepanda maharagwe kama tunavyofanya sote. Magugu yameota mengi, watoto wako shule, na pesa za vibarua hazipo. Anaenda kwa duka la madawa ya shamba.

"Kijana, uko na dawa ya magugu ya kunyunyiza kwa mahindi?"

"Iko, mama. Hii haigusi mahindi hata kidogo."

Ananunua, anaazima pampu ya mgongoni kwa jirani, ananyunyiza. Baada ya siku chache anarudi shambani. Mahindi yamesimama wima, ya kijani kabisa. Kishona nguo na mchicha wa porini vimejikunja na kulala. Lakini maharagwe nayo yamejikunja hivyo hivyo, shina limepinda kama kamba. Wiki moja tena yamekwisha.

Je, kijana alidanganya? Hapana, hakudanganya. Mama aliuliza dawa ya mahindi akapewa dawa ya mahindi. Ila yeye hakusema ana maharagwe ndani, na kijana hakuuliza. Dawa nayo haijui lipi ni gugu na lipi ni chakula. Dawa ya aina hii inajua jambo moja tu: kama mmea ni wa jani moja au wa majani mawili. Basi na sisi inafaa tulijue.

1. FUNGUA MBEGU UONE

Chukua punje za mahindi na za maharagwe, uziloweke usiku kucha. Asubuhi menya ganda la haragwe. Litagawanyika lenyewe vipande viwili vinavyolingana, na katikati utaona mche mdogo umelala. Vipande hivyo viwili ndivyo majani ya kwanza ya mmea, na ndani yake kuna chakula cha mche. Mche ukitoka ardhini huvibeba juu. Ukishapata majani ya kawaida, vipande hivyo hukauka na kuanguka, kazi yao imekwisha.

Sasa jaribu punje ya hindi. Hata ubonyeze vipi, haigawanyiki mara mbili. Ina jani la mbegu moja tu, nalo halitoki nje. Linabaki ndani ya punje likifyonza ule unga na kumlisha mtoto wake. Kile unachokiona kikichomoza kama sindano ni ala, yaani mfuko mwembamba unaofunika majani machanga yasiumie yanapotoboa udongo.

Basi kundi la kwanza ni mimea ya jani moja la mbegu: mahindi, mtama, wimbi, ngano, mpunga, miwa, nyasi zote, na pia vitunguu, ndizi, mkonge, mnazi, shubiri (osuguroi) na mkonge wa porini ambao Wamaasai huuita oldupai.

Kundi la pili ni mimea ya majani mawili ya mbegu: maharagwe, kunde, mbaazi, njahi, minji, nyanya, viazi, sukuma wiki, malenge, alizeti, maembe, maparachichi, pamoja na miti yetu kama oltepesi na oloirien.

Mmoja wa watu wa kwanza kuieleza tofauti hii kwa maandishi ni Mwingereza John Ray, ambaye alikuwa amewekwa wakfu kuwa kasisi, katika kitabu chake cha mwaka 1682. Naye alianza kama sisi tulivyoanza, kwa kuangalia mbegu na mche unaotoka ndani yake.

2. ALAMA NYINGINE NNE

Mara nyingi mmea umeshakua na mbegu huioni. Hapo tumia alama hizi:

(a) Majani. Jani la hindi lina mistari inayokwenda sambamba toka mwanzo hadi mwisho. Jani la haragwe lina mishipa iliyosambaa kama wavu.

(b) Mizizi. Ng'oa mche wa nyasi: mizizi ni mingi, myembamba, kama ndevu. Ng'oa kishona nguo: kuna mzizi mkuu mmoja unaokwenda chini, na midogo inatoka kando yake.

(c) Maua. Mimea ya jani moja huhesabu kwa tatu: ua la kitunguu na la shubiri lina vipande sita. Mimea ya majani mawili huhesabu kwa nne au tano: ua la sukuma wiki lina nne, la malenge lina tano.

(d) Shina. Kata shina la hindi kwa kisu. Utaona vidoti vingi vimetawanyika kila mahali. Hiyo ni mirija ya maji na chakula. Kwa mmea wa majani mawili, mirija hiyo imejipanga kama pete kuzunguka shina.

3. USIDANGANYIKE

Watu wengi husema, "Majani membamba ni jani moja, majani mapana ni majani mawili." Mara nyingi ni hivyo, lakini si siku zote. Mgomba una jani pana kuliko mlango, lakini ni wa jani moja. Tazama mistari yake, yote inakwenda sambamba kutoka katikati kwenda ukingoni. Nduma ina jani pana lenye mishipa kama wavu, nayo ni ya jani moja. Parachichi nalo maua yake huhesabu kwa tatu, lakini ukiifungua kokwa yake inagawanyika vipande viwili. Kwa hiyo usiamue kwa alama moja. Angalia mbili au tatu pamoja.

Tena wataalamu wa siku hizi, wakichunguza chembe za urithi, wamegundua kwamba mimea ya majani mawili si ukoo mmoja kamili. Parachichi, kwa mfano, ni wa tawi la kale lililojitenga mapema. Hata hivyo, kwa kazi yetu ya shamba, mgawanyo huu bado unatufaa sana.

Na kuna miti isiyo ya kundi lolote kati ya haya, kama mwerezi (oltarakwai) na msonobari. Hiyo haitoi maua.

4. SASA TUNAITUMIAJE SHAMBANI?

Dawa za magugu

Dawa ya aina ya 2,4-D, iliyoanza kuuzwa baada ya Vita Kuu ya Pili, inajifanya kama kichocheo cha ukuaji cha mmea. Mimea mingi ya majani mawili ikiipokea hukua ovyo ovyo, inajipinda, inakufa. Mahindi na nyasi huweza kuivumilia ikitumika kwa kipimo na wakati unaofaa. Kuna nyingine ambazo ni kinyume chake: zinaua nyasi na kuacha maharagwe. Lakini kumbuka, mahindi nayo ni nyasi! Kisha zipo kama glaifoseti zinazoua pande zote mbili.

Kwa hiyo shamba la mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, yakishaota, ukiweka dawa ya kwanza unaua maharagwe, ukiweka ya pili unaua mahindi. Jembe ndilo linaloweza kuchagua. Ziko dawa chache za kunyunyiza kabla mbegu hazijaota, ambazo lebo yake inasema zinafaa mazao yote mawili. Soma lebo, au umpe kijana akusomee. Ikiwa mazao yako hayakutajwa pale, usinunue. Tena orodha ya dawa zinazoruhusiwa nchini hubadilika, kwa hivyo muulize afisa wa kilimo kwanza.

Mambo matatu zaidi wasiyosema sana dukani:

- Nyanya huumia haraka sana na 2,4-D. Upepo ukivuma unaweza kuibeba hadi kwa nyanya za jirani. Usinyunyize kukiwa na upepo.
- Pampu iliyobeba dawa ya magugu, hata ukiisuza mara moja, inaweza kubaki na mabaki ya kuharibu nyanya. Kikundi kikiweza, kiwe na pampu mbili, moja ya magugu na moja ya wadudu, zitiwe alama ya rangi.
- Kitunguu ni cha jani moja lakini si nyasi. Usichukue dawa ya mahindi ukaipeleka kwa vitunguu.

Ndago nayo ni vivyo hivyo. Inafanana na nyasi, ni ya jani moja, lakini ni ukoo wake mwenyewe. Ukinunua dawa ya kuua nyasi ukanyunyiza ndago, umetupa pesa. Shika shina lake kwa vidole ulizungushe: lina pembe tatu. Shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo.

Kupanda

Sindano ya hindi hutoboa udongo hata ukiwa umeshikana kidogo. Haragwe halina sindano. Linainamisha shingo na kuvuta vile vipande viwili juu, kama mtu anayebeba mzigo mlangoni. Mvua kubwa ikinyesha, kisha jua likaoka udongo ukawa ganda, shingo inavunjika. Kwa hivyo panda maharagwe kina cha sm 3 hadi 5 tu. Mahindi sm 5, na yanaweza kufika 7 udongo ukiwa umekauka juu. Ukiona ganda limefanyika kabla maharagwe hayajatoka, livunje polepole.

Mbuzi wakiingia shambani

Mahindi yakiwa machanga, kabla ya kufikisha majani sita hivi yaliyofunguka, mahali pake pa kukulia pako chini ya udongo bado. Mbuzi wakila majani, au mvua ya mawe ikiyapasua, mara nyingi yatachipua tena. Usikimbilie kupanda upya. Ngoja siku chache uangalie katikati. Maharagwe ni tofauti. Yakikatwa juu ya vile vipande viwili yanaweza kutoa machipukizi ya kando. Yakikatwa chini ya vipande hivyo, yamekufa. Hayo ndiyo ya kupanda tena mara moja. Minji na mbaazi zina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu vipande vyake hubaki chini ya udongo na zinaweza kuchipua kutoka huko.

Palizi

Gugu la majani mawili, kama kishona nguo, ling'oe na mzizi wake mkuu kabla halijatoa mbegu, nawe umemalizana nalo. Lakini nyasi za kutambaa chini, zile Wakikuyu huita thangari, ukizikatakata na jembe umezipanda tena, maana kila kipande chenye fundo kinachipua. Hizo lazima uzichimbue, uzikusanye na kuzianika juani zikauke kabisa.

Kubadilisha mazao

Mnamo Septemba mwaka 2011, ugonjwa mpya wa mahindi ulionekana kule Bomet, ukasambaa sehemu nyingi za Kenya. Mahindi yalikauka kuanzia majani ya katikati, na mabunzi yakawa matupu. Unaletwa na virusi viwili vinapokutana ndani ya mmea mmoja, na mmea ulioshikwa hauna dawa. Virusi hivyo hukaa kwa mahindi na jamaa zake wa ukoo wa nyasi, lakini maharagwe, viazi na vitunguu haviwi makao yake. Ndiyo maana wataalamu waliwahimiza wakulima wasipande mahindi juu ya mahindi msimu hata msimu. Ukipanda kitu kisicho cha ukoo wa nyasi, ugonjwa unakosa nyumba. Lakini ukitoa mahindi ukaweka mtama, umebadilisha jina tu, ukoo ni ule ule.

5. KWA WENYE MIFUGO

Tofauti hii iko pia malishoni. Jani la nyasi hukua kutoka chini, karibu na ardhi. Ng'ombe akila ncha, nyasi husukuma jani jingine juu. Ndiyo maana nyasi na mifugo vimeweza kuishi pamoja. Lakini zikiliwa hadi kwenye shina, zikaliwa tena kabla hazijapumzika, ile akiba iliyo chini inakwisha na nyasi zinakufa. Wazee walilijua hilo bila darasa. Olopololi, kipande kinachofungwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa, ni njia ya kuzipa nyasi nafasi ya kupumzika.

Nyasi zikishakufa, nani anachukua nafasi? Mara nyingi ni vichaka vya majani mawili ambavyo ng'ombe hawavitaki. Katika Kajiado tunamjua mmoja, ipomea, ndugu wa kiazi kitamu. Ukitazama ua lake lenye umbo la tarumbeta utamtambua. Kumfyeka juu juu hakusaidii, kwa kuwa ana mzizi mnene unaochipua tena. Ang'olewe, na pale alipotoka pasiachwe wazi, pandwe nyasi za kienyeji mvua inapokaribia. Si mbali nasi, eneo la Kuku, vikundi vya akina mama wa Kimaasai wamezungushia ua mashamba ya nyasi za kienyeji, wakavuna mbegu na majani makavu, wakauza. Likiwezekana Kuku, hata Illasit linawezekana.

6. KWA WAPANDA MITI

Tulisema mirija ya mmea wa majani mawili imejipanga kama pete. Katika mti, mirija ya chakula iko hapo hapo chini ya gome. Ukibandua gome kuzunguka mti mzima, chakula kutoka kwa majani hakifiki tena kwenye mizizi, na mti utakufa polepole hata kama leo bado una majani mabichi. Tembo wanapobandua gome la oltepesi kote kote, matokeo ni hayo hayo. Kwa hiyo mwenye kuchukua dawa ya miti shamba achukue kipande chembamba upande mmoja tu, na msimu ujao aende mti mwingine. Ukifanya hivyo, hata wajukuu wako watapata dawa.

Pete hiyo ndiyo inayowezesha kuunganisha miche. Ukichukua kijiti cha embe bora ukakibebesha kwenye mche wa embe la kienyeji, ngozi ile ya kijani chini ya gome ikigusana na ya mwenzake, vinaungana. Vivyo hivyo kwa parachichi. Lakini mgomba hauna pete hiyo, usijisumbue kuubebesha. Wenyewe tunaupanda kwa machipukizi.

7. NDANI YA SUFURIA

Mwisho turudi nyumbani. Hindi lina nguvu nyingi ya kutupa, lakini protini yake ina upungufu. Haragwe linajaza upungufu huo, na hindi nalo linajaza ule wa haragwe. Kwa hiyo githeri, ambayo Wakamba huita isyo, ni chakula kamili zaidi kuliko mahindi peke yake, hasa kwa watoto. Mama wa mfano wetu, alipopoteza maharagwe, hakupoteza mboga tu. Alipoteza nusu ya nguvu ya chakula cha watoto wake. Ndiyo maana tumelichukulia somo hili kwa uzito.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kitafute mikebe sita yenye matundu chini. Jazeni udongo, mpande mahindi, maharagwe, kitunguu, malenge, mtama na minji. Mwagilieni, mchague mtu mmoja wa kuandika kila siku: ni ipi imetoka kama sindano? Ni ipi imetoka ikiwa imeinama? Ni ipi imebeba majani mawili, na ni ipi imeyaacha chini? Watoto wa shule wasaidie, nao watafurahi kuwa walimu siku hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika shamba lako kuna mimea gani ya jani moja na gani ya majani mawili? Taja mitano mitano.
2. Magugu yanayokusumbua zaidi ni ya kundi gani? Je, unayang'oa kwa njia inayofaa?
3. Dawa uliyotumia msimu uliopita, lebo yake ilitaja mazao yako yote?
4. Jirani amepanda nyanya, wewe una mahindi. Mtakubaliana vipi kabla ya kunyunyiza?
5. Tunaweza kufunga kipande gani cha malisho kipumzike, na nani atakilinda?

Someni pamoja mfano wa mpanzi, Injili ya Mathayo sura ya 13. Bwana Yesu alitoa mafundisho kwa mbegu na mizizi kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa watu wa shamba, waliozoea kutazama mche unavyotoka. Na sisi tutazame hivyo hivyo. Mche mdogo wa leo umeshaonyesha wewe mwenye shamba ufanye nini, ukiinama tu ukahesabu majani yake ya kwanza.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Tuonane katika somo lijalo.